Kona Nne za Kapeti

Kisa cha Mjinga kilikuwa ukurasa wa tisa wa kijitabu, na Kiroboto alikisoma kwa sauti huku anakula, kwa sababu alikiona kinachekesha.

"'Kijana huyo,'" alisoma, "'hakuwa na mwalimu wala akili. Aliona wenzake wanazunguka kwa kichwa, naye akajitia kuzunguka kwa kichwa. Leo hii shingo yake ni gogo. Mwanafunzi mpendwa, usiwe Mjinga.' Na wamemchora, Mama! Tazama, wamempinda shingo kama mpini wa mwavuli!"

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, hakutazama. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali. Alikuwa ameshamaliza suruali thelathini na mbili za sherehe ya chuo hicho hicho cha dansi kilichotoa kijitabu, na ya thelathini na tatu ilikuwa chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado.

"Ameandika nani?" aliuliza.

"Mkurugenzi mwenyewe. Kila mwanafunzi mpya lazima asome. Halafu anatuuliza, 'Mjinga alikosea wapi?' na sisi wote tunajibu kwa pamoja, 'Hakuwa na mwalimu!' Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikapaliwa."

Upande wa pili wa chumba, nyuma ya meza iliyojaa matumbo ya redio, mjomba wake alicheka pia, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Aliweka chini kifaa cha kulehemu, akakigeuza kiti na mwili mzima, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kumtazama mtu wa pembeni. Shingo yake haikuwa imegeuka kwa miaka thelathini na minne. Mkono wake wa kushoto ulishika kitu pale tu ulipotaka, na mara nyingi haukutaka.

"Mwulize huyo Mkurugenzi wako," alisema, "Mjinga alikuwa amevaa viatu rangi gani siku ile. Atakwambia vyekundu. Alikuwa ameviazima kwake."

Kiroboto alitafuna taratibu. Alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuwa mzito wa kuelewa, ila jambo lenyewe lilikuwa zito. "Mjomba, si wewe ulianguka kwenye paa?"

"Nilianguka kwenye kapeti, mwanangu. Hiyo ya paa aliitunga mama yako."

Loo! Kiroboto alikifunga kijitabu, akakikalia, eti kisionekane. Fundi akauma uzi, akaukata kwa meno, akautema. Hasira aliyoisikia haikuwa ngeni kwake. Aliijua kama mtu anavyomjua mpangaji wake wa siku nyingi, na siku hiyo ilikuwa imeamka na kuvaa viatu.

* * *

Jioni Kiroboto hakumwachia mjomba wake nafasi ya kupumua. Alitaka kujua yote, na mjomba Pia, hilo ndilo jina alilopewa na vijana wenzake enzi hizo kwa jinsi alivyokuwa akizunguka, alikuwa amekaa miaka mingi bila mtu wa kumwuliza. Alimtuma avute sanduku chini ya kitanda. Ndani, kwenye foronya, mlikuwa na kanda ya video.

"Haya," alisema. "Kitu hiki kilianzia mbali, mtaa wa Bronx, huko New York. Dada mmoja alitaka nguo mpya za kwendea shule. Akaandaa disko la kiingilio kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao, na kaka yake akapiga santuri. Yule kaka alikuwa ameona kwamba watu wanangoja ile sehemu mwimbaji ananyamaza, ngoma inabaki peke yake. Basi akachukua santuri mbili zinazofanana, hii ikiisha anarudia kwenye ile, sehemu ya ngoma ikawa haiishi. Hapo vijana wakaingia katikati ya duara, wakaanza kujitupa chini. Ndiyo brekidansi hiyo."

"Na yule dada?"

"Dada yupi?"

"Aliyeandaa disko."

"Ah. Watu humtaja kaka zaidi."

"Ndivyo huwa," alisema Fundi kutoka kwenye cherehani, bila kuinua macho.

Pia aliisukuma kanda ndani ya deki aliyoifufua mwenyewe kwa vipuri vya deki nyingine tatu. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Iliwafikia kwenye begi la jirani aliyerudi safari, na watu waliokuwa ndani yake walionekana kama wanacheza kwenye mvua. Kijana mwembamba wa kwenye kioo cha televisheni aliweka kiganja chini, akazungusha miguu, mara picha ikakwama. Ikatetemeka. Ikaruka, na ghafla kijana yuko wima, ametazama upande mwingine kabisa.

"Mkwamo!" Kiroboto alipiga ukelele. "Mjomba, huo ni Mkwamo! Uko kwenye nembo ya chuo, getini!"

"Deki iliitafuna kanda pale, mwanangu. Sisi hatukujua. Tuliona yule kijana anaganda, anatetemeka, halafu anasimama bila kusimama. Tukasema hawa watu ni wachawi, lakini na sisi tutaweza. Tulikesha wiki tatu. Ukiganda, utetemeshe bega, halafu kiganja kikusukume huku kiuno kinageuka. Nikaumaliza mimi."

Fundi alikanyaga pedali kwa nguvu isiyohitajika, na mshono ukaenda upogo.

"Lakini ukurasa wa tatu," alisema Kiroboto, "Mkurugenzi kaandika alifundishwa Mkwamo huko huko Bronx. Na wazee wa kazi wenyewe."

"Njiti?" Pia alicheka mpaka akashika meza. "Njiti wakati huo hakuwa amepanda hata treni! Alijifunza hapo nje uani, kwenye kapeti la plastiki la marehemu bibi yako. Tulilitandika kwenye saruji, watu wanne wanakanyaga kona nne, kila mtu na kona yake, maana bila hivyo kapeti linakimbia na wewe. Siku ya mashindano lilikimbia. Vumbi, nadhani. Nilikuwa kichwa chini, sikuona."

"Nani walishika kona?"

"Njiti, mama yako, na wenzetu wawili waliokwishafariki. Hakuna wa kumlaumu. Kapeti ni kapeti."

Kiroboto alirudisha kanda nyuma mara tano, akairekodi kwenye simu yake pale pale kioo kilipokwama. Fundi alifungua mshono wote wa upogo kwa wembe, pole pole.

* * *

Asubuhi ya keshokutwa alizibeba suruali zote kichwani, kwenye furushi moja, akaenda chuoni. Mlinzi wa geti akamwambia mafundi wanapita nyuma. Akapita nyuma. Huko katibu akamwambia avue viatu, sakafu ya ukumbi imepakwa rangi mpya. Akavua. Akaambiwa asubiri kwenye benchi, akasubiri peku saa nzima, mbele ya ubao mkubwa uliofunikwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kifupi, na kwa chini herufi zilichungulia: MWASISI WA BREKIDANSI.

"Fundi wetu!" Mkurugenzi alisema hatimaye, bila kuinuka kitini. Alikuwa amenenepa vizuri, kama mtu aliyelelewa na sifa. "Dada yangu, mikono yako ibarikiwe. Weka hapo chini."

"Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa tisa."

"Ah, ule? Utani tu wa kufundishia. Watoto hawakumbuki mpaka wacheke."

"Utautoa. Na kwenye ubao ule utaandika jina la kaka yangu kwanza, lako lifuate."

Mkurugenzi alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kulia. "La sivyo?"

"La sivyo nitasema nilichokiona siku ile. Uliinua mguu, Njiti."

Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya ofisi ile tangu ijengwe. Aliinuka sasa. Akafunga mlango, akarudi, akaegemea meza karibu naye.

"Niliinua," alisema kwa sauti ya chini. "Kwako siwezi kukataa. Nilitaka kwenda mimi kwenye fainali, nilikuwa kijana, Mungu atanihukumu. Lakini dada, kona zilikuwa nne. Kona moja ikiachwa kapeti halikimbii, linajikunja tu. Ya pili ilikuwa ya nani?"

Fundi alitazama vidole vyake vya miguu kwenye ile sakafu mpya.

"Nilikuona," aliendelea Njiti, mpole zaidi. "Uliuona mguu wangu unapanda, na badala ya kukanyaga zaidi, na wewe ukainua wa kwako. Ukanitazama usoni. Sijawahi kumwambia mtu. Najua unaishi naye, unamlisha, anakuita mama na dada kwa pamoja. Mimi si mtu mbaya. Kiroboto wako ni wa sita kwenye orodha ya sita wanaosafiri kwenda kushindana. Mtoto mzuri. Anaweza kuwa wa kwanza. Anaweza pia kuwa wa saba."

Kweli aliuinua. Miaka kumi na minne alikuwa nayo. Alikuwa anajua kucheza kuliko wote waliokuwa uani ukimwondoa kaka yake, na ule Mkwamo, huo unaosifiwa getini, aliumaliza yeye jikoni, kiganja sakafuni kati ya masufuria, akakimbia kumwonyesha kaka yake, na kaka yake akatoka nao nje akasema, "Jamani, nimeupata!" Kila akiomba zamu aliambiwa jambo moja: wewe msichana, shika kona. Siku ya mashindano alipouona mguu wa Njiti unapanda, alifikiri tu, na kaka ateleze. Watu wamcheke na yeye, hata mara moja. Hakufikiri shingo. Nani hufikiri shingo akiwa na miaka kumi na minne?

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, dada. Malipo ya suruali utayakuta kwa katibu. Utakuja kwenye sherehe, eti? Mje wote. Mlete na kaka."

Alivaa viatu vyake nje, kwenye changarawe. Watu husema hasira hasara, na huenda ni kweli, lakini mtu aliyesema hivyo hakuwahi kuvuliwa viatu na Njiti. Njia nzima Fundi alizungumza peke yake, mpaka muuza magazeti akampisha.

* * *

Kwa siku tatu zilizobaki aliipanga kazi yake. Koti la sherehe la Mkurugenzi lilikuwa limeletwa kwake lipunguzwe mikono, na wazo la kwanza likaja lenyewe: aulegeze mshono wa mgongoni, likapasuke mbele za watu. Aliliacha. Huo ni utoto. Mtu akipasukiwa koti huchekwa siku moja, na Fundi alimtaka Njiti achekwe mpaka na wajukuu zake. Akaushona mshono mara mbili, imara, apendeze.

Lililomzuia usingizi ni jingine. Alijua kabisa kwamba akifungua mdomo, na mwenzake ataufungua wa kwake. Alimtazama Pia akiinama juu ya redio za watu, anaimba chini chini, mtu asiye na kinyongo hata na kapeti. Jina lake lingerudi, na huenda mwenyewe asirudi kuwa kaka yake. Alilipima hilo huku na huku. Mara aone heri anyamaze, mtoto asafiri, maisha yaende. Mara akumbuke ule mchoro wa shingo ya mwavuli, na watoto mia wakiimba "Hakuwa na mwalimu!" na asubuhi ya kesho yake wengine wapya, na mwaka ujao wengine.

"Kaka," alisema siku ya mwisho, "ukumbini tutakaa pembeni mwa njia. Uone vizuri bila kugeuka."

"Naenda kumwona mtoto tu," alisema Pia. "Usije ukaanza fujo. Nakujua."

"Hunijui," alisema Fundi.

* * *

Sherehe ilianza saa nne asubuhi. Mbele walikaa wakubwa na mgeni wa heshima, mzee wa kigeni mwenye ndevu za mvi na kofia ya michezo. Alizaliwa huko huko ilikozaliwa dansi, na inasemekana ujanani alicheza kwenye disko za mitaa hiyo. Kando yake alikaa binti wa kumtafsiria. Mkurugenzi alishika maikrofoni, koti limemkaa. Alieleza alivyovuka bahari akiwa kijana, alivyolala kwenye vyumba vya chini vya majengo ya Bronx, alivyorudi na utamaduni mzima ndani ya begi moja. Watu walipiga makofi. Pia alitazama mbele, hana uchaguzi.

Kisha watoto thelathini na watatu wakaingia ndani ya suruali mpya, Kiroboto katikati. Walicheza, tuseme haki, wakacheza kweli. Walijitupa, wakajizungusha, na mwishoni wote kwa mara moja wakaganda, wakatetemesha mabega, wakaruka wima wametazama upande mwingine. Ukumbi ukalipuka.

Mgeni alikuwa amesogea mbele ya kiti. Alimnong'oneza binti, binti akasimama. "Anauliza ule mtindo wa mwisho mmeutoa wapi."

"Mwambie tumeutoa kwao!" Mkurugenzi alicheka. "Mtaani kwao! Wazee wake ndio walionifundisha."

Binti akatafsiri. Mgeni akakuna ndevu, akatikisa kichwa. "Anasema samahani, kwao haupo. Anasema amecheza miaka hamsini na hajawahi kuuona."

Kicheko kidogo kikapita, cha watu wasiojua kama inafaa kucheka. Hapo ndipo Fundi aliposimama kwenye safu ya nyuma walikopangwa mafundi na wapishi. Mlinzi alimzuia katikati ya njia. "Mgeni kafumukwa na pindo la suruali," alimwambia, mkono ukiwa na sindano, na mlinzi akampisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa yule mzee, akampa simu ya Kiroboto aliyoachiwa kushika, ile kanda ikiwa tayari kwenye kioo chake.

Mzee alitazama mara moja. Akatazama tena. Akapiga paja, akacheka kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake barabarani, na kabla binti hajatafsiri chochote, alitoa kwa mdomo sauti ya deki inayotafuna kanda, krrr, krrr, huku anatetemesha bega lake la kizee. Watu wazima wote ukumbini waliijua sauti ile. Akampa dijei simu, dijei akaiunganisha na kioo kikubwa. Yule kijana wa kwenye mvua akatokea juu ya vichwa vya watu. Akakwama, akatetemeka, akaruka. Chini yake watoto thelathini na watatu walikuwa wamesimama wanahema, wakitazama walichokifanya sasa hivi.

"Zima hiyo!" Mkurugenzi alisema. "Ndugu wageni, huyu mama ana matatizo ya kifamilia."

"Ninayo," alisema Fundi. Maikrofoni hakuwa nayo, lakini sauti yake ilizoea kushindana na cherehani. "Kanda ile ni ya kaka yangu. Ililiwa na deki ya kwetu, na huyu bwana alijifunzia uani kwetu, pekupeku. Bronx gani? Hakuijua hata stesheni! Kaka yangu ndiye mliyemchora ukurasa wa tisa. Yule pale, mtazameni, mlinganishe na mchoro. Hakukosa mwalimu. Alikosa watu wa kumkanyagia kona. Huyu aliinua mguu makusudi ili aende fainali yeye."

Njiti alisahau kwamba amejitangaza kuwa alikuwa ng'ambo miaka ile. Hasira ina mambo. Aliibana maikrofoni, akapiga kelele mpaka vipaza sauti vikalia: "Na kona ya pili? Mwulizeni mguu wa pili ulikuwa wa nani!"

Njia ya mwongo ni fupi. Hata wapishi waliisikia: kumbe alikuwepo, kumbe na kona alishika. Lakini Fundi hakuuacha ukumbi umalize kushangaa.

"Ulikuwa wangu," alisema. "Niliinua mimi. Kaka yangu alininyima zamu, nikataka achekwe. Nimekaa na jambo hili miaka thelathini na minne, na wewe umelikalia hilo hilo kama kiti. Sasa nimelisema mbele za watu. Haya, Njiti, una nini kingine mfukoni? Toa!"

Njiti alifungua mdomo, maikrofoni ikanasa pumzi zake tu. Mkubwa mmoja wa safu ya mbele akainuka, akatoka bila kumpa mkono, na wa pili akamfuata. Hakuna aliyekivuta kile kitambaa cha ubaoni. Fundi alisimama pale akamtazama Njiti anavyonywea ndani ya lile koti, na, Mungu amsamehe, alisikia raha. Raha ya kweli, ya mpaka kwenye vidole. Aliinywa yote.

Ndipo akageuka kumtazama kaka yake. Pia alikuwa ametazama mbele, kama alivyotazama tangu asubuhi. Mgeni alikuwa amemfuata, amevua kofia, anampa mkono, na Pia hakuuona.

* * *

Walirudi nyumbani Pia na Kiroboto mbele, Fundi hatua ishirini nyuma. Mpaka jioni habari zilikuwa zimefika. Majirani walipita kupongeza, wengine walipita kumchungulia mama aliyemvunja kaka yake shingo, na wengi walifanya yote mawili kwa safari moja. Kamati ya chuo ilimsimamisha Mkurugenzi, ikavikusanya vijitabu vyote, ikaahirisha na safari ya mashindano mpaka itakapotangazwa tena.

"Nilikuwa wa sita, Mama," alisema Kiroboto. "Sasa hakuna wa sita wala wa kwanza. Hukuniuliza." Akalala bila kula.

Asubuhi Fundi aliingia chumbani kwa kaka yake kama kila siku. Pia alikuwa ukingoni mwa kitanda, shati limemkaa mabegani, kifua wazi. Mkono wa kushoto haukupatana na vitu vidogo, na vifungo vyake alivifunga Fundi, kila asubuhi ya Mungu, tangu alipotoka hospitali. Akainama kuanza.

"Usiniguse."

Akasimama wima.

"Uliniambia kapeti lilikimbia," alisema Pia. Alisema na ukuta, kwa vile ndio uliokuwa mbele yake. "Nikakuamini."

"Nilitaka uteleze tu, kaka. Watu wacheke. Mkwamo niliumaliza mimi ukasema wako. Niliomba zamu."

"Ungeniambia imekuuma."

"Nilikwambia. Ulicheka."

Ilionekana hilo lilimfika Pia, maana aliusugua mkono wake mbovu kwa ule mzima. Mlangoni kwa nje mteja alibisha, ana redio. Hakuna aliyeitikia.

"Umeniosha," alisema. "Umenilisha. Marehemu mumeo ulimwambia ukiolewa unakuja na mimi, akakubali. Nikawa natamba kwa watu, jamani, mimi nina dada anayenipenda. Kumbe ulikuwa unanilipa."

"Vyote viwili, kaka. Wallahi ni vyote viwili."

"Sasa mimi nitajuaje kipi ni kipi?"

Machozi yalimtoka Fundi bila sauti, na kaka yake, hata kama angetaka kuyaona, asingeyaona pale aliposimama.

"Vuta kiti," alisema Pia. "Kiweke hapa mbele yangu nikuone. Kaa. Mikono iweke mapajani, na isitoke hapo."

Alikaa. Pia akaanza na kifungo cha chini. Kidole gumba cha kushoto kilikisukuma, kikateleza, kikakisukuma tena. Kifungo kiliingia nusu, kikatoka. Jasho lilimwanza kwenye paji. Fundi aliuona mkono wake mwenyewe unanyanyuka, na Pia akaacha kila kitu, akamtazama, akangoja mpaka uliporudi mapajani, ndipo akaanza upya.

Mteja alibisha tena. Kiroboto alikuja, akasimama mlangoni, akaona, akaondoka kwenda kumpokea. Jua lilikuwa limeshafika kwenye meza ya redio wakati kifungo cha kwanza kilipokubali, na shati lile, ambalo Fundi alilishona mwenyewe, lilikuwa na vifungo saba.